Mfupa wa Birika

Birika letu lina mfupa ndani yake.
Ligonge ubavuni, utausikia:
ganda jeupe, nene kama ukucha wa dole gumba,
limeota chai baada ya chai
tangu mama alipoletwa hapa bibi harusi.

Huku Pamukkale maji hujenga.
Yakipita juu ya jiwe huacha jiwe,
yakiteremka kilimani huacha ngazi nyeupe
na wageni hulipa kiingilio wazikanyage peku.
Hakuna anayelipa kuliona bomba la bafu letu,
matundu kumi na mawili, saba yameziba.

Mama ni mtu wa Rize, kwenye mashamba ya chai,
ambako mvua haingoji kuitwa,
na sabuni ukiigusa tu inacheka povu.
Alikuja na nywele za kufika kiunoni.
Baba mpaka leo huzionyesha kwa mkono,
kama muuza vitambaa anayepunja wateja,
kila mwaka anaongeza shubiri.

Wiki ya tatu kitana kikagoma.
Sabuni haikutoa povu, ilitoa utando wa kijivu,
nywele zikakakamaa, zikafifia rangi,
ncha zikapasuka mbili mbili,
utosi ukamuwasha hata usingizini.
Akadhani ni kijicho cha mtu.
Akaongeza sabuni.
Sabuni na chokaa zikaoana kichwani mwake
zikazaa nta.

Alilia bafuni, maji kayafungulia yamfiche sauti.
Bibi Kadriye akasikia.
Bibi hakuwa amemsemesha mkazamwana wake tangu harusi
ila kwa habari za chumvi.

Asubuhi, mlangoni pa bafu, bakuli la shaba:
siki ya zabibu, vijiko viwili,
ndani ya maji ya mvua yaliyokingwa paani.
Neno, hakuna.
Mama akadhani ni ya kusugulia sinki.
Akasugua. Sinki likang'aa.
Kesho yake bakuli tena.
Akasugua bomba, matundu saba yakazibuka.
Siku ya tatu Bibi akaingia mwenyewe,
akamshika shingo, akamwinamisha
kama anayetaka kuchinja kuku,
akammwagia yote, taratibu, kuanzia utosini.

"Kinachong'oa chokaa kwenye sinki," akasema,
"hakishindwi na kichwa cha mtu wa Rize."
Hiyo ndiyo hotuba yake ya kumkaribisha nyumbani.

Baada ya hapo Ijumaa zikanuka siki.
Mara moja kwa wiki, si zaidi,
maana siki nayo ikizidi hukausha.
Pipa likawekwa chini ya mfereji wa paa,
maji yake ya suuza ya mwisho tu, kata kwa kata,
kiangazi yalipimwa kama dawa ya mtoto.
Mafuta ya zeituni kwenye ncha, tone, usiku wa kuamkia.
Siki haikuhamisha mlima.
Nywele hazikurudi kiunoni, ziliishia mabegani,
lakini kitana kikapita.

Babu wa Rize alipofariki, mama alikwenda kuzika.
Akaoga kwa mvua ya kwao, siku tatu.
Nywele zikawa laini mno, anasema,
zikateleza kila kibanio, zikamwangukia usoni
msibani, mbele ya watu,
akajiona amevaa nywele za msichana asiyemjua.
Akaomba siki jikoni kwa dada yake.
Dada akauliza, "Saladi gani leo?"

Bibi hayupo sasa. Bakuli lipo.
Wiki iliyopita nilitaka kumfurahisha mama:
nikajaza siki kwenye birika, nikalibandika motoni,
nikasubiri mfupa uyeyuke.
Akaja mbio kwa harufu.
Akalipua, akaimwaga siki bakuli tupu likipokea,
akaongeza maji ya pipa mpaka joto likapoa,
akalitikisa birika sikioni: bado lipo, ganda, karibu lote.

"Siki ni ya nywele," akasema,
na mkono wake ulishafika shingoni mwangu.