Namba Arobaini na Moja

Nilimtenga angali yai.
Alipoanguliwa alikuwa peke yake katika kijisanduku,
kifuniko cha chachi, tone la maji, inzi wa matunda,
na namba kwa wino mweusi: arobaini na moja.
Hakumwona mama. Hakumwona ndugu.
Hakuna aliyemnong'oneza habari za uzi.

Usiku wa tisa, yapata saa kumi,
akatanda.
Fremu kwanza, kisha spoki kama za baiskeli,
kisha mzunguko, mguu ukipima nafasi
kama fundi apimaye kwa shibiri.
Nikahesabu spoki pichani: ishirini na sita.
Nikaandika: *hajafunzwa.* Nikapiga mstari chini yake,
mara mbili.

Jumamosi nikapanda basi la Itauguá.
Mama yangu, Ña Blásida, yupo kizingitini,
kitambaa kimewambwa kwenye mbao,
sindano yaingia, yatoka.
Kazi hii kwetu huitwa ñandutí, utando wa buibui.
Miguuni pake Yerutí, mtoto wa jirani,
ana kijifremu chake, anakodoa macho, anaiba.
Hafundishwi. Huachwa karibu tu.
Akikosea, Mama hasemi kitu;
husogeza mikono kwenye mwanga, akarudia polepole.

Mimi nilikaa pale pale, miaka minane,
macho yangu darini, pembeni,
kwa yule mshonaji mwingine.

Nikamsimulia Mama habari za arobaini na moja.
Akasikiliza, uzi ukiwa menoni.
"Maskini," akasema. "Na akikosea, nani amcheke?"

Sina safu ya jibu hilo kwenye jedwali langu.

Ila niliona hili, nikalinyamazia:
ua la tatu la Mama hupinda kushoto.
Bibi alilipinda hivyo
kwa kuwa nyumbu alimvunja kidole.
Kidole cha Mama ni kizima.
Vidole vya Yerutí ni vizima, vyote kumi.
Ua bado linapinda.

Jumatatu, arobaini na moja alikuwa ameula utando wake,
ametanda mwingine,
wenye pengo dogo upande wa dirisha.
Pengo lake. Halikutoka kwa yeyote,
halitamfikia yeyote.

Nikazima taa.
Nikaiwasha tena.
Nikakaa karibu.