Kiambishi cha Zamu ya Usiku

Bugumba alinifundisha Kiklingoni
kwenye kiwanda cha minofu, Ilemela,
mabuti ya mpira hadi magotini, vidole vimekufa ganzi:
lugha ya watu ambao hawajapata kuzaliwa
na tayari wana matusi.

"Kwanza yambwa," alisema, "kisha kitenzi.
Kiima huja mwisho, kinafunga mlango."
*ghotI' pe' be'.*
Samaki, kata, mwanamke.
Nikacheka hadi msimamizi akageuka.
Kwetu hapo ni samaki anayemkata mwanamke!
Lakini nilipoitazama meza
nilidhani Waklingoni wamewahi kuajiriwa hapa:
sangara anatangulia kwenye mkanda,
halafu kisu,
na mimi, Nshoma, wa mwisho,
sionekani mpaka minofu ipimwe.

Nikamwambia hata sisi humbeba mtu ndani ya kitenzi.
*Ninakungoja*: tazama, mimi na wewe
tumo humo humo, neno moja.
Akatikisa kichwa.
"Mmo, ila mmetengana.
Kati yenu kuna *na*, kuna *li*, kuna *ta*.
Saa imeketi katikati kama mwenye nyumba.
Kule, mimi-kwako ni silabi moja: *qa*.
*qaloS*. Haya, nitolee 'mimi' humo."
Nikajaribu.
Ni kutoa chumvi kwenye mchuzi.

Tulikuwa na kipande cha boksi, mafuta yamekilainisha:
*qa*, mimi kwako. *cho*, wewe kwangu.
*vI*, mimi kwake, au kwao, au kwa kitu chochote.
*jI*, mimi peke yangu, kitendo hakina pa kutua:
*jIloS*, nangoja tu,
kama abiria wa Kamanga injini ikizimwa.
Na yeye kwa yeye? Hakuna kiambishi.
Kitenzi kinatembea uchi.
"Huo umbeya," nikasema. "Nani kasema, kamsema nani, haijulikani."
Alicheka, kisu kikamteleza. Alama hiyo anayo mpaka leo,
popote alipo.

Sangara walipoadimika, zamu ya usiku ikafutwa.
Majina yalibandikwa Ijumaa. Lake lilikuwa la tatu.
Alipanda meli ya Bukoba bila kuaga,
kwenye kabati langu akaacha kile kipande cha boksi,
na nyuma yake, kwa kalamu ya kuandikia makasha:

*HIloS.*

*loS* naijua. *HI* hatukuifikia.
Ilibidi nimsumbue mpwa wangu mwenye simu.
"Ni amri, shangazi. Wewe kwangu, ya kuamrisha."

Asubuhi, kwenye mlango wa chumba cha barafu,
nikaandika kwa kidole juu ya ukungu:
Ningoje.

Nikabaki nimesimama.
Kiswahili changu, ambacho hakuna aliyekitunga mezani,
kimenigeuka:
*ni* hiyo hiyo
ni ya Bugumba, anayetaka kungojwa,
na ni yangu, nisiyejua kama
ningoje.