Mwiko

Jumapili, Dundee. Mvua inagonga dirisha
kama mdai asiyejua kuondoka.
Nimefunga kanga kiunoni, juu ya sweta,
nimetandaza mezani karatasi ya Madamu Odile:
mwandiko uliolalia ubavu, wa kalamu ya wino,
na doa la mafuta palipoandikwa idadi ya karoti.

Nyama ya muundi nimeinunua kwa Iqbal.
Akauliza, "Pilau leo?"
"Hapana. Kifaransa."
Akaipima mara mbili,
kama aliyeambiwa nyama yake inaomba viza.

Madamu ana miaka themanini na minane.
Aliletwa huku na fundi wa mitambo ya magunia;
fundi akafa, na Kiingereza nacho kikamfuata,
neno kwa neno, tangu kiharusi cha Machi.
Mimi ninayemwogesha namsemesha Kiswahili,
yeye hunijibu Kifaransa,
tunaelewana kwenye sabuni na joto la maji.

Wiki iliyopita alinishika mkono.
Akachora sufuria hewani, akachora mvuke,
akavuta droo, akanipa karatasi hii.
Mwanangu Zulekha akanisomea kwa simu:
nyama, bekoni, uyoga, vitunguu vidogo,
mvinyo mwekundu, chupa nzima,
moto mdogo, saa tatu.

Chupa nzima.
Nikautazama mwiko uliotundikwa ukutani.
Lugha yangu ina ujanja wake:
kinachokoroga chungu na kinachokatazwa
vyaitwa jina moja.
Nikautungua wa ukutani. Ule mwingine nikauacha ulipo.

Basi komamanga, pakiti mbili,
ukwaju kidogo, upate ule ukali unaobana taya,
siki kijiko kimoja.
Bekoni nikairuka kama dimbwi.
Vitunguu nikavivua makoti, kimoja kimoja,
nikalia nilichotaka kulia,
maana mbele ya kitunguu hakuna anayekuuliza nani kafa.

Nyama ikashika chini. Nikaogopa,
nikampigia tena Zulekha.
"Usiusugue, Mama! Mimina maji ya komamanga juu yake.
Huo ukoko ndio mchuzi wenyewe,
Wafaransa wameupa hadi jina."
Nikacheka peke yangu jikoni.
Pangani tuliugombania wa wali kwa kucha na viwiko,
mshindi akakimbilia nyuma ya choo kuutafuna,
na hakuna aliyetuambia kuwa ni ustaarabu.

Saa ya kwanza, harufu ya ukwaju.
Saa ya pili, harufu ya kitu nisichokijua.
Saa ya tatu Morag wa ghorofa ya chini
akapanda na sahani tupu, bila hata salamu.
Nikampa kijiko kimoja. Nyingine ina mwenyewe.

Nikaivusha barabara sufuria, imefungwa shali
kama mtoto mwenye homa,
upepo wa mto Tay ukinivuta kanga.

Madamu alionja. Akafumba macho.
Nikangoja neno la kwao, hata moja,
nimpelekee Zulekha alitafsiri.
Akaonja tena, akatafuna taratibu upande wenye meno,
akaweka kijiko chini, akaniangalia,
akasema mojawapo ya yale maneno manne
niliyomfundisha bafuni:

"Chumvi."

Kaila nyingi kuliko mimi; haki yake.
Nikaenda kuileta.