Msoma Mita

Ijumaa, jua halijapanda mabega ya mlima,
tunaegesha gari nyuma ya msikiti, Wadi Kabir,
mimi na baba, kila mtu na kamera yake:
yangu nzito, ya mkopo, bado miezi minne;
yake ndogo, ya mtumba, kaifunga kamba ya kiatu
asije akaiangusha.

Mimi nafuata mwanga.
Nauwinda unapoteleza juu ya matangi ya maji,
unapoingia duka la kinyozi kabla ya kinyozi,
ukakaa kitini, ukajitazama kiooni.
Napiga, napiga tena. Mia mbili asubuhi moja.

Baba hupiga tatu.
Vidole vyake vingali vinaamini kuwa picha ni pesa,
kuwa mkanda una thelathini na sita
na bibi harusi bado hajatoka.

Na zote tatu ni mita za umeme.

Miaka ishirini na saba alisoma mita hapa,
daftari kwapani, kalamu sikioni,
uchochoro kwa uchochoro, akihesabu moto wa watu.
Barabara mpya zinampoteza. Mita, anazijua kwa nasaba.
"Hii ya Bi Shinuna. Gurudumu lake likitambaa.
Mjane, taa moja, redio moja.
Mwezi mmoja nikalikuta linakimbia kama limetumwa,
nikajua: mwanawe karudi kutoka Kuweti
na kiyoyozi kaja nacho."
"Na hii ya kina Thuwein. Walipofiwa
hakikuzimwa chumba hata kimoja, siku tatu.
Niliandika nambari, sikubisha hodi.
Nikasoma Fatiha palepale ukutani, nikaenda zangu."

Utoto wangu wote nilidhani kazi yake haina hadithi.
Kumbe alikuwa akingoja nimuulize kwa miguu.

Picha zake zimepinda. Kidole gumba kimo kila mara,
pembeni, chekundu, mgeni asiyejua hodi.
Nikamfundisha: kiwiko mbavuni, pumzi ishushe.
Akanisikiliza kwa adabu iliyonitia haya,
kisha akapiga vilevile, kidole na yote.

Shaabani tukaenda hospitali.
Daktari akazima tochi, akasema neno kwa Kiarabu,
baba akanigeukia, nami nikatafuta la nyumbani:
mtoto wa jicho, baba. Macho yote mawili.
Akacheka peke yake mle chumbani.
"Huyu mmoja kanitoa jasho kumlea,
na sasa naletewa pacha!"

Watampasua baada ya Idi. Kwa sasa ni ukungu.

Leo tumefika mwisho wa uchochoro. Nyumba imehamwa:
mlango wa bati, buluu, kiti cha plastiki kimelala chali,
na mita ya zamani, ya gurudumu, kioo kina ufa.
Jua limeshaanza kuchoma kisogo. Mimi nimechoka kupiga.
Yeye kasimama, kamera usoni, hatikisiki.
"Rayya," akaita, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi,
"nisomee."

Nikainama, nikapangusa vumbi kwa ncha ya mtandio.
Sifuri. Nne. Moja. Saba. Saba.
Midomo yake ikanifuata, nambari kwa nambari.
"Saba mbili," akasema. "Ndiyo. Nazikumbuka.
Siku ile walikuwa wakikaanga samaki."

Akabonyeza, mimi sijatoka mbele ya lenzi.

Nikaitazama: mkono wangu, mtandio, robo ya shavu.
Mita haimo.
Kidole gumba kimo.
"Imetoka?"
"Imetoka, baba."
Akaitia kamera mfukoni, kamba ikining'inia,
akashika njia ya kivulini, mkono ukutani.
"Bado mbili," akasema.