Sekunde Sifuri Nukta Saba

Hapa Nagoya tumeanza na paa.
Usicheke. Tulilijenga chini, juu ya udongo,
tukalipachika kreni tumboni na taa pembeni,
kisha jeki nne zikaliinua
kama mtu anayefunua sufuria
kuona kama wali umeiva.
Chini yake jengo likaanza kuota,
orofa moja kila siku sita.
Mvua hainyeshi tena kazini.
Upepo wa mlima Ibuki, uliokuwa ukituchapa Februari
hadi machozi yakaganda kopeni,
sasa unagonga mabati ya nje, haupati mlango.

Mimi ni Isogai, mchomeleaji,
miaka thelathini na minne nikitazama jua dogo
kupitia kioo cheusi.
Siku hizi nimepewa kiti.
Kiti! Chenye magurudumu na mto wa mgongo,
mbele ya skrini sita.

Mwaka juzi walinifunga vitambuzi kwenye kifundo cha mkono,
wiki tatu, nguzo baada ya nguzo.
"Fanya kama kawaida," akasema mhandisi Chizuru,
binti aliyezaliwa nikiwa tayari nina makovu haya.
Nikafanya kama kawaida.
Sikujua kawaida yangu inaweza kupita kwenye waya.

Sasa roboti inaizunguka nguzo juu ya reli yake.
Haikohoi, haivuti sigara, haiombi ruhusa ya msiba.
Cheche zinamwagika, mshono unatoka
umepangika kama magamba ya samaki.
Naukagua kama mama mkwe aonjaye mchuzi.
Sina la kusema.

Ila ikifika upande wa kaskazini
inasimama.
Kidogo tu. Kisha inaendelea.

Chizuru amepiga hesabu:
sekunde sifuri nukta saba kwa kila nguzo,
nguzo ishirini na mbili kwa orofa, orofa arobaini,
jumla dakika kumi na sekunde kumi na sita
ambazo hakuna anayejua zimekwenda wapi.
"Mzee, kuna sababu ya kiufundi?"

Ningemwambia nini? Kwamba kaskazini
ndiko alikoanguka Hamano,
orofa ya kumi na tisa, asubuhi ya barafu,
mkononi mkate wa maharage ulioumwa mara moja;
na tangu hapo mkono wangu ukifika pembe ile
hungoja,
kama unampisha mtu kwenye ngazi nyembamba?

Roboti haiachi mjane. Hilo nalikubali, tena kwa sauti.
Mke wa Hamano aliletewa kofia yake ngumu
na ile suruali pana ya kazini, imefuliwa, imepigwa pasi,
akauliza nani aliyeipiga pasi.
Nilikuwa mimi.
Laiti jeki hizi zingekuja mapema,
ningezifuta vumbi kwa shati langu mwenyewe.

"Tuifute?" Kidole chake ki juu ya kitufe.
Paa limeanza kupanda tena,
polepole, hata chai kikombeni haijui.
"Chuma," nikasema, "kinahitaji kupumua."

Yeye anazijua hesabu za joto kuniliko mimi.
Alinitazama mkono, si uso.
Halafu akaandika, herufi moja moja:
chuma kinapumua.
Akafungua orofa ya ishirini na nane.