Masalio

Anza na nne. Izidishe kwa yenyewe, toa mbili,
igawe kwa ile namba kubwa, shika kinachobaki.
Rudia. Mara milioni themanini na ushei.
Mwisho ukikuta sifuri, namba ni tasa.

Endel alimchorea mkewe nyuma ya bili ya umeme,
jikoni, Tartu, theluji imeziba dirisha:
mbili, kipeo kirefu begani, toa moja.
"Kwa hesabu ya mashine ni moja tupu,
sifuri hakuna, foleni ya moja kutoka hapa hadi Riga."
Leida akauliza bili inalipwa lini.

Tangu Novemba Endel yuko makaburini Raadi.
Kompyuta bado inanguruma chini ya ngazi,
paka kajilaza juu yake, anaota joto.

Mimi mpangaji wa juu. Nilimwambia bila kufikiri:
kwetu namba isiyogawanyika huitwa tasa,
neno lile lile la mwanamke asiyezaa.
Kijiko kikasimama ndani ya kikombe.
"Miaka arobaini na saba ya ndoa," akasema.
"Basi tunafahamiana."

Machi, alfajiri, hesabu ikafika mwisho.
Si sifuri. Masalio yamejaa kioo kizima.
Nikamweleza: si tasa. Inavyo vigawo, hilo ni hakika,
ila jaribio hili halisemi ni vipi;
huenda asitokee wa kuvijua.

Leida akavaa miwani. Akasoma masalio kwa sauti,
tarakimu moja moja, kama anayeita rejista,
mpaka chai ikapoa,
na hakuna aliyeitika.