Jina la Mfongo

Sanduku lilikuwa la viatu,
limekaa uvunguni mwa kitanda, hapa Pasua,
tangu baba afe.
Ndani mna negativu mia mbili na ushei,
kila moja na bahasha yake ya kaki
na mwandiko uliolala kama nyasi baada ya mvua:
Harusi, Rau. Kipaimara, Machame.
Picha ya pasi, fundi cherehani (hajalipa).
Na moja: Mfongo, Kibosho, 1968.

Wanaume saba wamo mtaroni hadi magotini,
majembe juu, matope mashavuni,
na mmoja, wa kwanza kushoto, anacheka
kana kwamba baba kamwambia jambo la aibu.

Elirehema, mjukuu wangu, ndiye aliyeipandisha.
Kwenye ile kamusi elezo
inayoandikwa na watu wasioonana
makala ya mfongo ilikuwa maneno matupu,
haina tone la maji.
Akaiweka. Tukaitazama kwenye simu
mpaka ndizi zikaungua jikoni.

Siku ya tatu, haipo.
Mtu tusiyemjua, wa mji tusioujua,
ameacha mstari mmoja, umenyooka kama rula:
Mpiga picha ni nani? Ameridhia?

Nilitukana. Nakiri.
Ameridhia! Mtu yuko kihambani chini ya migomba
miaka ishirini na sita,
aridhie kwa mdomo upi?

Usiku nikaikumbuka kalenda.
Ilining'inia duka la pembejeo, karibu na mnara wa saa:
mwezi wa nne, wanaume walewale saba,
kicheko kilekile,
na chini yake bei ya mbolea.
Jina la baba halikuwepo hata kwa herufi za sisimizi.
Yule hakuuliza.
Huyu ameuliza.
Aliyebisha hodi nimemtukana,
aliyeruka ua nilimnunulia mbolea.

Warithi tuko wanne, na saini zilitakiwa nne.
Elirehema alinisomea leseni polepole, kama dozi:
yeyote achukue, anakili, abadilishe,
hata auze,
mradi ataje jina,
na asiwafungie wengine alichofunguliwa yeye.

"Hata auze?" Aminieli akafoka kutoka Mwanza.
"Utaona vikombe vya chai huko Ulaya, mfongo wa baba umo,
na wewe huna hata kisahani!"
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Nilimkumbusha tu tulikolelewa:
maji hupita kihamba kwa kihamba,
unafungua kwa zamu yako, unaziba,
na jirani naye anyweshe.
Mawingu hakuna aliyeyalipia.
Lakini mfongo una jina, Aminieli,
jina la aliyeuchimba,
na wanalitaja hata watoto
wasiojua kuwa lilikuwa la mtu.
Akanyamaza. Iliisha hasira, au salio.
Saini yake ilifika Jumatatu,
imepinda, imekwaruza karatasi.

Sasa picha imerudi.
Chini yake: Anaeli Kisamo, Moshi, 1968.
Nimeisugua kioo kwa kidole,
herufi hazitoki.

Ila yule wa kwanza kushoto.
Yeye nani alimwomba idhini?
Baba aliandika mahali, akaandika mwaka,
mtu akamwacha matopeni bila jina,
sawa na wa kalenda.

Nimempigia Manka, Kibosho; bibi yake bado anaona.
Amesema ngoja, anampelekea simu aitazame.
Nasikia mlango, kuku, kikohozi.
Nasikia maji.